Kampasi Kinara ni Ipi? Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki na Safari ya Kiswahili kutoka Makerere hadi Dar es Salaam

Utangulizi

Mwezi Januari mwaka 2022 Bi. Kathy Hochul, Gavana wa jimbo la New York nchini Marekani, alitangaza kwamba mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo lake utakuwa na kampasi za kuongoza nyingine. Mfumo huo uliundwa mwaka 1948 na una kampasi 64. Kwa zaidi ya miaka 70 watu wa New York walibishana kama inafaa kampasi moja ipewe cheo cha kuwa mbele ya nyingine. Hatimaye Gavana hakutaja moja bali mbili, Buffalo na Stony Brook. Kampasi za Albany na Binghamton, ambazo kwa miongo mingi zilihesabiwa pamoja na hizo mbili kuwa vituo vinne vikuu vya mfumo, hazikutajwa.

Wengi wetu tunaifahamu Binghamton kwa sababu ya mtu mmoja, marehemu Profesa Ali Mazrui. Mzaliwa huyo wa Mombasa alifundisha Makerere kuanzia mwaka 1963 hadi 1973. Mwaka 1989 akahamia Binghamton, akaifanyia kazi hadi miaka ya mwisho ya maisha yake. Alifariki mwaka 2014. Inavutia kuona kwamba mmoja wa wasomi mashuhuri wa Afrika Mashariki aliishi katika mifumo miwili iliyosumbuliwa na swali lile lile: kati ya kampasi nyingi za mfumo mmoja, ipi ndiyo ya kwanza? Mfumo mmoja ni huo wa New York. Wa pili ni wetu wenyewe, yaani Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia mwaka 1963 hadi 1970.

Makala haya yanahusu huo wa pili. Yanakusudia kuonyesha kwamba kampasi haiwi ya kwanza kwa kutangazwa tu. Inakuwa ya kwanza kutokana na vitu vinavyowekwa pale: vitivo, maktaba, walimu na fedha. Aidha, yanakusudia kueleza jinsi mgawanyo wa vitu hivyo ulivyoamua mahali ambapo lugha yetu ya Kiswahili ingechunguzwa kwa miaka mingi iliyofuata.

Neno lenyewe

Kabla ya kuendelea, tuangalie neno. Waingereza na Wamarekani wameazima jina kutoka jeshi la majini. Kati ya meli nyingi za kundi moja, ile anayosafiri ndani yake mkuu wa kundi ndiyo hupeperusha bendera yake, na nyingine zote huitazama ili kupata amri. Yeye akihamia meli nyingine, bendera nayo huhama.

Katika Kiswahili tungeweza kusema “kampasi ya bendera”, lakini msikilizaji asiyejua asili yake angeshangaa. Katika makala haya nimechagua “kampasi kinara”. Kinara kwa asili ni kile kitu cha kusimamishia mshumaa au taa. Magazeti yetu yamelizoesha neno hili kumaanisha anayeongoza, kama tunaposema kinara wa ligi au kinara wa chama. Ninaomba msomaji azishike picha hizo mbili, bendera na taa, kwa kuwa tutazirejea mwishoni.

Makerere peke yake

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 swali la kampasi kinara halikuwapo, kwa sababu chuo kilikuwa kimoja. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye vijana 14 waliosomea useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1937 tume iliyoongozwa na De La Warr ilipendekeza iwe chuo cha elimu ya juu kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1949 ikaunganishwa na Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wakaanza kusomea shahada za London wakiwa hapa hapa Kampala.

Kijana wa Tanganyika, Kenya au Zanzibar aliyefaulu vizuri alijua kwamba njia yake inapanda Mlima wa Makerere. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1943 hadi 1945 akapata stashahada ya ualimu. Mwai Kibaki alisoma hapo miaka ya 1950. Benjamin Mkapa naye alifuata. Milton Obote alipita hapo pia. Makerere haikuhitaji kuitwa kinara. Penye taa moja hakuna mtu anayeuliza ipi inang’aa zaidi.

Hali ilianza kubadilika mwaka 1956 Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilipofunguliwa Nairobi. Mwaka 1958 serikali zilialika kikundi cha wataalamu kilichoongozwa na John Lockwood kutoka London. Kikundi hicho kilipendekeza chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki chenye vyuo vishiriki katika nchi mbalimbali. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa ndani ya jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi wake wa kwanza hawakufika 15, na wote walikuwa wa sheria.

Mgawanyo wa vitivo

Mwezi Juni 1963 ulikuwa mwezi wa matumaini makubwa. Tarehe 5 mwezi huo Nyerere, Obote na Kenyatta walitia sahihi tamko la Nairobi, wakaahidi kuunda shirikisho la nchi zao kabla ya mwaka kwisha. Mwezi huo huo Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizinduliwa rasmi, na Chansela wake akawa Nyerere. Makamu wa Chansela alikuwa Bernard de Bunsen, aliyekuwa ameiongoza Makerere tangu mwaka 1950.

Waasisi wa chuo hicho walijua hatari ya kutangaza kinara. Makerere ilikuwa na umri na jina. Nairobi ilikuwa katika mji mkubwa wenye viwanda na biashara. Dar es Salaam ilikuwa changa, lakini ilikuwa ndani ya nchi iliyotangulia kupata uhuru na ambayo Rais wake ndiye Chansela. Kumpa mmoja cheo kungekuwa kuwavunja moyo wawili. Kwa hiyo walichagua njia nyingine: kozi za gharama kubwa zisirudiwe. Makerere ikabaki na tiba na kilimo. Nairobi ikapewa uhandisi, usanifu wa majengo na tiba ya mifugo. Hata mafunzo ya tiba ya mifugo yaliyokuwa Makerere yalihamishiwa Kabete mwaka 1962. Dar es Salaam ikashika sheria. Masomo ya sanaa na sayansi ya kawaida yangefundishwa kote kutatu.

Ukiutazama mpango huo kwenye karatasi, ulikuwa wa haki na wa busara. Kila chuo kilikuwa kinara wa jambo lake. Mganda aliyetaka kuwa mhandisi alipanda gari la moshi kwenda Nairobi. Mtanzania aliyetaka kuwa daktari alikuja Kampala. Mkenya aliyetaka kuwa wakili alikwenda Dar es Salaam, kama alivyofanya Willy Mutunga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 2011 hadi 2016. Yoweri Museveni alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1967 hadi 1970, ingawa somo lake la siasa lingeweza kusomwa Makerere pia. Vijana wa nchi tatu walilala bweni moja, na wengi wao walipokosa lugha ya nyumbani ya pamoja, Kiswahili kiliwasaidia.

Kiswahili nacho kilihama

Mwanafunzi wetu akiifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, anakutana na jina la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam. Anadhani uchunguzi wa lugha hii ulizaliwa huko na kukulia huko. Wachache wanajua kwamba kazi hiyo iliwahi kukaa kwetu kwa takriban miaka kumi.

Suala la kinara si geni katika lugha yetu. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua ni lahaja ipi itakayokuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Washindani walikuwa Kimvita cha Mombasa, chenye urithi mkubwa wa ushairi, na Kiunguja, kilichokuwa kimeenea bara kwa njia za biashara na kutumika shuleni Tanganyika. Kiunguja kilichaguliwa. Hasara iliyowapata washairi wa Mvita inajadiliwa hadi leo katika madarasa yetu. Kimvita hakikufa, lakini mtoto aliyekizungumza nyumbani aliingia shule na kuambiwa kwamba anakosea.

Ili kuusimamia uamuzi huo iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili mwaka 1930, ikizihusisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Ilisanifisha tahajia, ikapitia vitabu vya shule, ikatunga kamusi. Kamati hiyo ilikuwa na tabia ya kuhama. Ilianzia Dar es Salaam, mwaka 1942 ikaenda Nairobi, na mwaka 1952 ikahamia Makerere. Hapa Kampala ndipo Wilfred Whiteley alipofanya kazi akiwa katibu wake, na hapa ndipo jarida lake lilipohaririwa.

Lakini tazama jinsi mambo yalivyopishana. Miaka hiyo hiyo ya 1950 Kiswahili kilikuwa kinaondolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa shuleni Uganda, kikabaki zaidi kwa polisi na askari. Upinzani wa Buganda dhidi yake ulikuwa wa siku nyingi. Kabaka Daudi Chwa aliueleza waziwazi mwishoni mwa miaka ya 1920. Hivyo basi, Makerere ilikuwa na kamati, maktaba na wataalamu wa lugha ambayo shule za nje ya lango lake hazikuifundisha. Taa ilikuwa ndani ya nyumba, lakini madirisha yalikuwa yamefungwa.

Tanganyika ilikuwa kinyume chake. Ilikuwa na lugha mitaani na katika siasa. Mwaka 1962 Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Haikuwa na taasisi. Wakati vyuo vitatu vilipokuwa vinagawana vitivo, Kamati ilikwisha ondoka Makerere. Ilipita Mombasa kwa muda mfupi, kisha ikaingizwa katika chuo cha Dar es Salaam, na mwaka 1964 pakawa na Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, Whiteley akiwa mkurugenzi wake wa kwanza. Jarida lilikwenda pamoja nayo, na ndilo leo linaloitwa Kiswahili. Mwaka 1970 Dar es Salaam ikaanzisha Idara ya Kiswahili, na mwaka 2009 idara na taasisi zikaunganishwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili.

Sidhani kwamba wakati huo kuna aliyelia hapa Kampala. Katika mizani ya mwaka 1964, kitivo cha tiba kilikuwa kizito kuliko kamati ya lugha. Makerere ilibaki na hospitali ya kufundishia ya Mulago na heshima zote za umri wake. Hata hivyo, matokeo yalionekana mwaka 1973. Mwaka huo Idi Amin alitoa amri kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa ya Uganda. Amri ilikuwapo, lakini Kamati, jarida na uhariri wa kamusi vilikwisha ondoka miaka kumi kabla. Lugha ikabaki na bendera bila meli.

Kwa nini mfumo ulivunjika

Tusije tukadhani kwamba mgawanyo ulishindwa kwa sababu ulikuwa mbaya. Ulishindwa kwa sababu nchi zenyewe zilibadilika haraka kuliko chuo. Shirikisho lililoahidiwa Juni 1963 halikuundwa. Kila serikali ikaanza kupanga idadi ya madaktari, wahandisi na mawakili inaowahitaji, na ikaona haiwezi kumtegemea jirani ampe nafasi za masomo. Kenya ilikuwa na vijana wengi waliomaliza sekondari na haikutaka daktari wake atoke Kampala tu. Tanzania, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ilitaka elimu inayofuata siasa yake ya kujitegemea. Uganda iliona kwamba chuo kilichokuwa cha wote sasa kinaitwa sawa na vingine viwili.

Basi vitivo vikaanza kurudiwa. Nairobi ilifungua kitivo chake cha tiba mwaka 1967. Mwaka 1968 Dar es Salaam nayo ikapata kitivo cha tiba, na Makerere ikaanza kufundisha sheria. Kila jiwe lililowekwa kwa ajili ya jengo jipya lilikuwa linatolewa katika ukuta wa jengo la pamoja. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa manahodha hawakugombana hadharani. Kila mmoja alijenga chombo chake polepole, na siku ya kuachana vyombo vilikuwa tayari. Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikoma, na vikazaliwa vyuo vikuu vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam.

Wapo wanaosema kwamba kama Makerere ingetangazwa kinara mwaka 1963, mfumo ungedumu. Mimi nina shaka. Jina lisingeongeza nafasi hata moja ya mwanafunzi wa Kenya katika kitivo cha tiba. Wengine wanasema usawa ndio ulioua mfumo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuamua. Hoja hii ina uzito zaidi. Hata hivyo, kule New York mfumo wenye vituo vinne visivyopangwa kwa cheo umedumu miongo mingi, kwa sababu juu yake ipo serikali moja ya jimbo inayotoza kodi na kugawa fedha. Chuo chetu kilikuwa na hazina tatu, mabunge matatu na marais watatu. Tatizo lilikuwa kwamba nyumba moja ilijengwa juu ya viwanja vitatu.

Tunajifunza nini

Swali hili halijaisha. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999 imerudi kugawana taasisi kama zilivyogawanywa vitivo. Makao makuu yapo Arusha. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ambalo ni mrithi wa ule ushirikiano wa zamani, lipo Kampala. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ipo Zanzibar. Aidha, Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Baada ya uamuzi wa namna hiyo, hakuna budi kuuliza ni chuo kipi kitakachoandaa walimu, na tayari kila chuo chenye idara ya Kiswahili kingependa kiitwe cha kwanza.

Historia niliyoieleza inatufundisha tusianzie kwenye cheo. Tuanze na maswali matatu. La kwanza, vitabu na majarida yatakaa wapi, na mwalimu wa Gulu au Mbarara atayafikiaje? La pili, nani atalipa mishahara ya walimu wa walimu mwaka wa tano, shauku itakapokuwa imepungua? La tatu, je, wanafunzi watasafiri? Faida kubwa ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki haikuwa majengo. Ilikuwa ile safari ya kijana kwenda nchi ya jirani kwa sababu somo lake lilikuwa huko. Safari hiyo ilipokatika mwaka 1970, tulipata vitivo vingi tukapoteza majirani wengi.

Narudi kwenye picha mbili nilizoziomba msomaji azishike. Kampasi inayoongoza kama bendera hutaka nyingine ziitazame zipate amri. Inayoongoza kama taa huulizwa mwanga wake unafika wapi. Kwa miaka kumi Makerere ilikuwa na taa ya Kiswahili ikaiacha iondoke bila kuona hasara. Dar es Salaam iliipokea ikaitia mafuta, na leo sisi sote tunasoma kwa mwanga wake. Hatuna sababu ya kuwaonea wivu. Sababu tuliyo nayo ni ya kuwasha yetu, kisha kufungua madirisha.